Nta ya Mwisho

"Nimejipaka, ndiyo. Sasa utanifanya nini?"

Mke wa fundi alisimama katikati ya chumba, viganja amevinyoosha mbele. Vilikuwa vinang'aa. Kikopo cha nta ya nyuki kilikuwa mezani, kitupu, kimekwanguliwa mpaka bati linaonekana.

"Ile ni nta ya kazi," fundi akasema, sauti imepanda. "Dereva anakisubiri kisu chake mchana huu, anasafiri. Nikipake nini, mate?"

"Kipake mapenzi. Si unayo tele kwa visu vya watu?"

Mtaani walimwita Fundi Mpini. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, visu vya mfukoni, vile vya kukunja, vyenye mpini wa mbao. Watu wanaviharibu hivi hivi. Wanavilaza majini pamoja na vyombo, wanavianika juani, mbao inavimba, inakauka, inapasuka, ndiyo wanamkumbuka. Na yeye hana haraka. Anapitisha msasa laini kufuata mistari ya mbao, anafuta vumbi, anapaka mafuta kidogo kwa kitambaa, anaiacha mbao inywe. Mwisho nta, anaisugua kwa kidole gumba mpaka ipate joto. Hapo ndipo anapopotea. Macho wazi lakini hayupo. Yuko ndani ya mbao, anatembea kwenye mistari yake, anasikia mvua zilizounyeshea ule mti kabla babu yake hajazaliwa. Ukimwambia chakula tayari, anaitika "naam" kutoka huko huko, na chakula kinapoa.

Mkewe alikuwa anafua nguo za watu, kutwa mikono kwenye sabuni. Majirani walizoea kumtania kwamba ana mke mwenza anayekunjika akaingia mfukoni, naye zamani alikuwa anacheka. Leo hakucheka. Begi lilikuwa kitandani, nguo nusu ndani nusu nje. Anakwenda kwa dada yake, alisema, na asiulizwe anarudi lini.

"Nalala mikono inawaka," akasema, sasa kwa sauti ya chini, ile ambayo fundi aliiogopa zaidi. "Unashika vya watu asubuhi mpaka jioni. Mkono wangu umeushika lini?"

Fundi akauvuta mkono ule kama anavyovuta kazi, akaugeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Na bila kutaka, akapotea. Kwenye maungio ya vidole kulikuwa na nyufa nyembamba, nyeupe pembeni, na nta imejaa humo kama asali kwenye sega. Akafuata mstari mmoja wa kiganja, halafu mwingine. Akasikia maji. Mabeseni na mabeseni ya maji, mvua ndefu kuliko zote alizowahi kuzisikia kwenye mbao yoyote, na hii ilinyesha humu humu ndani ya nyumba yake, yeye amekaa pembeni anasugua.

"Huu ungekuwa mpini, ukaletwa kwangu," akasema taratibu, "ningemgombeza aliyeuacha ukawa hivi."

"Basi jigombeze."

Mkewe mkono hakuutoa. Baadaye akakiangalia kile kisu cha dereva, mpini umepauka kama jivu.

"Lete hapa. Usidhani nimesamehe. Dereva hana kosa."

Akakiweka katikati ya viganja vyake, kimekunjwa, akaanza kusugua. Nta ilikuwa imeshapata joto zamani. Mbao ikanywa, ikanywa, jivu likageuka rangi ya chai. Chumba kizima kikanukia nyuki. Fundi alitazama mdomo wazi, kama mtu anayeota ndoto ya mwenzake.

"Bado pale kwenye msumari wa mpini," akanong'ona.

"Naona. Nimekutazama miaka yote hii, utanifundisha nini?"

Alipomaliza akamkabidhi. Fundi akakifunga kisu kwenye kitambaa.

"Nampelekea dereva, halafu napitia nta. Vikopo viwili."

"Cha pili cha nini?"

"Hicho hakitakaa kwenye meza yangu."

Begi lilikuwa bado wazi kitandani, na mkono mmoja wa gauni ukining'inia nje, karibu kugusa sakafu. Mkewe hakuutia ndani, wala hakuutoa.

Fundi akatoka. Akauvuta mlango polepole, na upepo wake ukautikisa ule mkono wa gauni, kama unaaga, kama unaita. Akaendelea kuutazama mpaka ufa ukawa mwembamba kama wa mpini, na mlango ukafungika.