Uso wa Mutinda

Mwaka wa 1999, Bi Ngina wa Katangi alimwungamia binti yake jambo lililokuwa likimnyima raha: alikuwa ameusahau uso wa mumewe. Mutinda alitekwa vitani kule jangwani, akafia katika kambi ya wafungwa Italia mwaka wa 1943. Kilichorudi ni barua tu. Picha hakuacha, na kaburi lake hakuna wa kwao aliyewahi kulitia machoni. Sasa hata macho ya Ngina mwenyewe yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho.

Kavutha, huyo binti, hakuwa mtu wa kukaa akiliwaza lisilo na dawa. Alikwenda Wamunyu kwa Reuben mchongaji, akamwagiza amchongee askari, baba yake asiyemkumbuka. Reuben akaitikia bila kuuliza maswali. Wiki mbili baadaye akamkabidhi kijana mrefu, mwembamba, mkuki mkononi, ndewe za masikio zimefika mabegani.

"Huyu ni Mmaasai," Kavutha akasema.

"Mama, ni mkono umezoea. Watalii wanapenda hawa."

"Babu yangu alipigania ng'ombe na hawa maisha yake yote. Leo nimpelekee mama mmoja wao akae naye nyumbani?"

Reuben akacheka, kisha akaona haya. "Sasa sura nitatoa wapi? Hata wewe haukumjua."

Neno hilo lilimchoma Kavutha, kwa kuwa lilikuwa kweli. Baba aliondoka yeye akiwa bado anatambaa. Akajigusa shavu.

"Shangazi zangu walikuwa wakisema nilichukua sura ya baba nzima nzima."

Reuben akavuta kigoda. "Basi kaa hapo, mama."

Alikaa siku tatu, naye hakuacha kuamrisha. "Punguza hiyo mikunjo. Yeye alikufa na miaka ishirini na sita, mimi niko na sitini." Patasi ikazidi kufanya kazi, na Kavutha akahuzunika kumwona baba yake akitokeza kwenye gogo akiwa kijana kuliko watoto aliowazaa yeye Kavutha.

Jumapili mchana akamweka Mutinda mapajani mwa mama yake. Ngina akapapasa paji, pua, kidevu, akarudi tena kwenye paji. Kisha akanyoosha mkono, akampapasa Kavutha vivyo hivyo, taratibu, kama anayechambua maharagwe.

"Ni yeye," akasema, akilia na kucheka. "Miaka yote hii ninamlilia, na kumbe ndiye anayenipikia chai."