Jina la Tatu kwenye Orodha

Wenzake darasani walimbandika jina la Tanbihi, yale maelezo ya chini ya ukurasa yanayotaja chanzo, kwa sababu hakuna neno lililopita mbele yake bila kuulizwa limetoka wapi. Ukimwambia mvua itanyesha mchana, anataka kujua nani kasema. Kwa hiyo chuo kilipoanzisha somo la kuandika makala za kamusi elezo ya mtandaoni, hakuna aliyeshangaa kumwona kiti cha mbele, pale maktaba.

Aliyefundisha ni mkutubi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. "Hapa hatuandiki tunachojua," aliwaambia siku ya kwanza. "Tunaandika kilichokwisha kuandikwa na mtu asiye na haja ya kutudanganya. Kila sentensi iwe na pa kuegemea. Isiyo na chanzo ifute, hata kama kaisema mama yako."

Tanbihi akachagua kuandika kuhusu moto wa kiwanda cha nyuzi, uliotokea miaka hamsini na miwili iliyopita, ng'ambo ya reli. Bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akiishi naye, aliwahi kufanya kazi humo ujanani. Zaidi ya hapo Bibi hakusema. Ukimuuliza habari za kiwanda, ghafla anakumbuka kuna nguo za kuanua.

Magazeti ya zamani yalikaa chumba cha nyuma cha maktaba, yamejalidiwa kwa majalada mapana yenye harufu ya mende. Siku ya tatu akaipata habari yenyewe: ukurasa wa nne, safu mbili, watu kumi na mmoja wamekufa, kila mmoja kwa jina na umri. Akainakili orodha yote.

Jumamosi asubuhi Bibi alikuwa akipiga pasi mashuka, mgongo ameupa mlango. Tanbihi akakaa kitandani na daftari lake.

"Bibi, nakusomea majina. Ukimkumbuka mtu, niambie."

Bibi aliendelea na pasi. Tanbihi akasoma la kwanza. Akasoma la pili. Akasoma la tatu, la msichana wa miaka kumi na tisa.

"Abee," Bibi akaitika.

Pasi ilibaki pale pale. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikaanza kujaa chumba, na hakuna aliyesogea mpaka Tanbihi alipoinuka akachomoa waya.

"Hilo jina ni langu," Bibi alisema. "Hili mnaloniitia ni la mdogo wangu."

Akakaa, akasimulia taratibu, macho kwenye shuka lililoungua. "Kiwandani kila mtu alivaa shingoni bati lenye namba. Asubuhi ile sikuwa mgonjwa, mjukuu wangu. Usije ukaandika kwamba nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimechoka tu, nataka kulala. Mdogo wangu akasema, nipe bati nikakushikie zamu. Ana miaka kumi na saba. Moto ulipozimwa, watu walitambuliwa kwa namba."

"Na baba yako hakusema?"

"Aseme nini? Msimamizi alishatangaza kuwa moto umeletwa na watu wanaopeana mabati, wakaingia wasiojua mashine. Polisi wanatafuta wa kumtwisha lawama. Baba akasema, mmoja nimeshamzika, wa pili siwapi. Kuanzia leo wewe ni mdogo wako. Tukahama mtaa juma lile lile. Kaburi lina jina langu. Nimelipalilia mwenyewe kwa mikono hii."

Tanbihi akakumbuka jambo ambalo majirani walilifanyia mzaha: Bibi haitiki akiitwa mara moja, lazima umwite mara mbili. Wote walidhani ni masikio ya uzee.

"Masikio yangu mazima," Bibi alisema, kama vile ameulizwa. "Mara ya kwanza nampa nafasi mwenyewe aitike."

Tangu hapo Tanbihi hakuwa na raha humo ndani. Jirani alipomwita Bibi kutoka ng'ambo ya ukuta, kile kimya kabla ya mwito wa pili, ambacho zamani kilikuwa kimya tu, sasa kilikuwa na mtu ndani yake. Mara kadhaa aligeuka kutazama mlango wa jikoni, na hapakuwa na kitu.

Jumatatu alimweleza mkutubi yote.

"Bibi yako si chanzo," mkutubi alisema.

"Kwani ni mwongo?"

"Sijasema hivyo. Mimi namwamini. Lakini msomaji aliye mbali atamfungua bibi yako ukurasa wa ngapi ili ahakikishe?" Akavua miwani, akaishika tu. "Gazeti likikosea, inabidi tulingoje lijisahihishe."

Tanbihi akaandika makala bila majina, idadi peke yake. Wiki mbili hazijaisha, mtu asiyemjua, maana kamusi hiyo huhaririwa na yeyote, akaongeza orodha nzima, na tanbihi safi ya ukurasa wa nne. Tanbihi akaifuta orodha. Saa moja baadaye ilikuwa imerudishwa, na ujumbe wa adabu: tafadhali usiondoe taarifa yenye chanzo. Naye angekuwa mahali pa yule mtu angeandika vivyo hivyo. Hilo ndilo lililomuuma.

Bibi aliposikia, aliuliza swali moja. "Gazeti lile lipo bado?"

"Lipo."

"Nipeleke."

Mwandishi wa habari aliwasikiliza saa nzima. Habari ikatoka Alhamisi, ukurasa wa sita: Bibi Kizee Adai Yeye Ndiye Marehemu. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi, na baada ya kicheko kwisha akaendelea kuyafuta.

Siku nne baadaye mzee mmoja alibisha hodi, ameegemea fimbo, gazeti kalikunja kwapani. Alijitambulisha kuwa ndiye aliyekuwa mlinzi wa geti la kiwanda. Alikataa kiti mpaka amalize.

"Mimi sura nilizijua," alisema. "Niliona bati ni lako na sura si yako. Nikampitisha. Na hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Alikuambia neno?" Bibi akamuuliza.

"Aliniambia, leo king'ora cha zamu usikipige sana. Dada amelala."

Bibi akainamisha kichwa. "Sikukisikia," alisema. "Nililala mpaka adhuhuri."

Tanbihi alikuwa amesimama mlangoni na daftari, lakini hakuandika. Akaenda kuweka maji ya chai jikoni, akiwaacha wawili hao wamekaa bila kutazamana.

Mzee bado huja kila Jumapili alasiri. Hawazungumzi mengi. Kwenye makala jina la tatu lina tanbihi mbili zinazopingana, ya ukurasa wa nne na ya ukurasa wa sita, na msomaji ameachiwa aamue. Maneno ya mlinzi hayamo, maana hayajachapishwa popote.