Sarafu Kwenye Kikombe cha Barafu

Mke wangu alikuwa mtafiti wa damu miaka ishirini na mbili. Mimi ni fundi friji, shule ya msingi nimeimaliza kwa kusukumwa. Wenzake walimcheka, eti msomi mzima kaolewa na mtu wa bisibisi. Naye alikuwa akiwajibu, "Nyie mmeolewa na wasomi, na friji zenu zote mbovu."

Kazi yake niliielewa kwa alivyonieleza jikoni. Chembe nyekundu ya damu mpya ni laini, inajikunja ikapita kwenye mshipa mwembamba kuliko unywele. Ikikaa sana kwenye mfuko inakakamaa. Alitaka kujua kwa nini mgonjwa mmoja akiongezewa damu anainuka, na mwingine anazidiwa. Basi kila mfuko aliotundikiwa mgonjwa, alichota kidogo akakigandisha kwenye friza kubwa mwisho wa korido. Miaka ishirini na mbili, friza moja. Kila mwaka aliandika barua kuomba jenereta, na kila mwaka Mkurugenzi wa hospitali alimjibu, "Tunalishughulikia." Alichoshughulikia ni zulia la ofisi yake.

Mimi nilimpa ujanja wa kifundi. Gandisha maji kwenye kikombe cha plastiki, weka sarafu juu ya barafu, kiache humo ndani. Umeme ukikatika muda mrefu barafu inayeyuka, sarafu inazama. Ukirudi, inaganda huko huko chini. Alicheka sana. Akasema hicho ndicho kipimo pekee cha maabara kisichosubiri saini ya Mkurugenzi.

Figo zilipomlaza, maabara nyingine ilikubali kuzichukua sampuli zake waiendeleze kazi. Hilo tu ndilo lililomfanya atabasamu. Siku mbili kabla hajaniacha alinishika mkono.

"Baba watoto, kabla hawajabeba, kaangalie kikombe. Sarafu ikiwa imezama, wasichukue."

"Hata moja?"

"Hata moja. Damu ikiyeyuka ikagandishwa tena, chembe zimepasuka. Watapima uongo, na kuna mgonjwa ataumia kwa uongo wangu."

Wiki tatu baada ya mazishi nilikwenda maabarani kwake. Mkurugenzi alinipokea koridoni, harufu ya rangi mbichi imejaa.

"Pole sana, mzee wangu. Kila kitu salama. Friza haijazimika hata dakika."

Nikafungua. Kikombe kilikuwa rafu ya chini. Juu ya barafu hakuna kitu. Nikakiinua kwenye mwanga: sarafu imelala chini kabisa.

Mama wa usafi akachungulia. "Si wale wapaka rangi wa ofisi ya bosi? Walichomoa waya Ijumaa wachomeke mashine yao ya kusugua ukuta. Mimi ndiye niliyeurudisha Jumatatu."

"Wewe nenda kadeki!" Mkurugenzi akanivuta pembeni. "Mzee, fikiria jina la marehemu. Tunaweka kibao chenye jina lake pale mlangoni. Ukisema, kazi yake yote inakwenda na maji."

"Ilishakwenda Ijumaa ile, mheshimiwa."

Lakini sitaficha: kile kibao nilikitamani. Nilikiona kabisa, herufi za shaba, wajukuu wananyoosha vidole. Nilisimama na kikombe mpaka vidole vikafa ganzi.

Binti wa maabara ile nyingine akaja na maboksi matupu. Mke wangu ndiye aliyemfundisha. Nikampa kikombe, nikamweleza.

"Baba, una hakika?"

"Damu siijui, mwanangu. Friji nazijua."

Akakaa sakafuni, akalia kama aliyefiwa upya. Sampuli zote zikapelekwa kwenye tanuri la kuchomea taka za hospitali. Mkurugenzi akaandika "hitilafu ya umeme", na ukuta wake unang'aa mpaka leo. Kibao hakikuwekwa.

Kikombe nilikichukua, kiko kwenye friji yangu. Juzi umeme ulikatika mtaani kutwa nzima. Barafu ikayeyuka, ikaganda tena. Nilikwenda kukitazama hivyo hivyo, kwa mazoea. Sarafu ilikuwa palepale, haina pa kuzama zaidi.