Chungu Kilichobaki Kwenye Kioo

Ukitaka kutengeneza hologramu nyumbani, usianze na ndizi. Mimi nilianza nazo, kwa sababu naishi Ipyana na ndizi ndizo zilizokuwa karibu. Kioo cha kunasia picha kilipotoka kwenye dawa kilikuwa giza tupu. Ndizi mbivu haitulii, bwana. Unaiona imelala, kumbe inalegea taratibu, na mwanga wa leza hausamehe hata mtikisiko ambao jicho haliuoni.

Mke wangu Tereza alikitazama kioo kile, akakigeuza. "Hongera, Gwamaka. Umepiga picha ya umeme ukikatika."

Kazi yangu ni kutengeneza redio na simu pale Kyela mjini. Hologramu ni ugonjwa wangu tu. Nilipoona ya kwanza, picha iliyokaa ndani ya kioo kama kitu chenyewe, ukisogea kando unaona ubavu wake, ukiinama unaona chini yake, basi nikaisha. Nikaagiza vioo vyenye dawa, vidogo kama kiganja. Nikaweka meza juu ya mpira wa ndani wa tairi la trekta ili isitikisike, juu yake sanduku la mchanga wa ziwani, na madirisha nikayaziba kwa mablanketi mchana kweupe. Mvua ikigonga bati, hakuna kazi. Lori la kokoa likipita, hakuna kazi.

"Wanaume wengine wana hawara," Tereza alisema. "Wewe una mchanga. Afadhali hawara, angefagia."

Mtu pekee ambaye hakunicheka alikuwa mdogo wangu, Lusungu. Anafanya kazi Mbeya, na kila alipokuja aliingia chumba kile, akashika kadibodi ya kuzuia leza, akauliza kwa heshima kabisa, "Kaka, nifunue sasa?" Mimi maisha yamenipiga vibao vya kutosha, najua kucheka nikichekwa. Lakini kuaminiwa kulinilainisha.

Siku moja akaja na chungu cha bibi. Bibi yetu alikuwa mfinyanzi, Mkisi wa Ikombe, na chungu hicho kidogo kama ngumi alimfinyangia mama yetu alipoolewa. Mama alikitunza nyumbani kwake Ikolo miaka yote, na alipoanza kupofuka kwa mtoto wa jicho ndipo akazidi kukipenda.

"Mimi naolewa, kaka, naenda mbali," Lusungu akasema. "Chungu kibaki kwa mama. Mimi niende na picha yake."

Nani angekataa? Udongo mwekundu na leza nyekundu ni kama waliozaliwa tumbo moja. Kioo kilipokauka na nikakimulika, chungu kilikuwa pale, na mistari yake myeupe shingoni, hata alama ya kidole cha bibi. Nikanyoosha mkono kukichukua, mimi niliyekitengeneza! Lusungu akapiga makofi.

"Kitengenezee na kisanduku," akasema. "Ndani kiwe cheusi, juu kiwe na taa."

Nikatengeneza. Akachukua kisanduku, akachukua na chungu akisema atapitia Ikolo kukirudisha.

Mwezi uliofuata, harusi ikiwa imepita, nilikwenda kumsalimia mama. Nikamkuta amekaa mkekani sebuleni, uso ameuelekeza kabatini. Juu kabisa, chini ya taa, chungu cha bibi kilikuwa kinang'aa.

"Ndaga fijo, asante sana mwanangu, kwa kuja," akasema. "Umeona? Lusungu amekiwekea taa, sasa nakiona hata na macho haya mabovu. Ila usikiguse. Amesema udongo umeanza kumomonyoka."

Nikasogea hatua moja kando. Chungu kikazimika. Nikarudi, kikawaka. Kilikuwa kioo changu.

Nikatoka nje, nikasimama penye mkeka wa kokoa iliyoanikwa, nikampigia Lusungu. Simu yangu ya fundi sauti haipungui, anasikia hata jirani.

"Chungu kiko wapi?"

"Kipi, kaka?"

"Usinichezee. Nimesimama kwa mama."

Akavuta pumzi. "Kiko kwa mama mkwe. Anapenda vitu vya kale, amevipanga sebuleni. Walikuwa wananiona sina kwetu, kaka. Nilipompa kile chungu, ndipo nami nikaitwa mwanangu."

"Ulijua tangu siku ile uliyokileta kwangu?"

"Ulikitengeneza vizuri mno. Mama haoni tofauti. Ana furaha. Nani ameumia?"

"Makofi yale ulikuwa unanipigia mimi, au ulikuwa unajipongeza?"

Nikabaki nimeishika simu. Chungu ni udongo, na wezi nimewaona. Lakini huyu aliingia chumba ambacho mke wangu mwenyewe alikicheka, akanishikia kadibodi, na kila nilipodhani anatazama kazi yangu, yeye alikuwa anatazama macho ya mama.

"Gwamaka."

Mama alikuwa mlangoni. Kisanduku alikuwa amekishika kwa mikono miwili.

"Macho yamekufa, masikio bado ni yangu," akasema. Akapapasa kioo kwa vidole, juu, chini, pembeni, kama mtu anayetafuta mlango. "Hiki nani ametengeneza?"

"Mimi, mama. Lakini sikujua..."

"Kumbe mlikuwa wawili."

"Mama, alinidanganya na mimi!"

"Nimesikia. Basi tumedanganywa wote, ila mimi nimedanganywa kwa mkono wako." Akanikabidhi kisanduku, akanyoosha kiganja. "Lete simu."

Nikampa. Lusungu alikuwa bado hewani, akadhani ni mimi. "Kaka, nakuomba, usimwambie tu."

"Ni mimi," mama akasema. "Mwambie mama mkwe wako kesho achemshe chai. Nakuja na kaka yako, tunapanda basi leo. Sitamdai kitu, yeye hana kosa. Nitakaa sebuleni kwake, na wewe utasimama umwambie kile chungu kilitoka kwa nani, na kwamba mwenyewe hakukitoa. Baada ya hapo atakachoamua, ameamua."

Akanirudishia simu, akaingia chumbani kutafuta viatu vya kanisani.

Nikaiweka sikioni. Lusungu alikuwa analia.

"Kaka," akasema, "sikutegemea kama wewe ungenisaliti hivi."

Nimetaniwa na wengi maishani, nikawatania wengi, lakini utani kama huo sijapata kuusikia. Nikakata simu, nikaingia kumsaidia mama kutafuta kiatu cha pili.