Somo la Kukumbatia

Mume wangu anafundisha ndoa. Msicheke. Watu wanaokaribia kufunga harusi humwalika ukumbini, naye husimama na kipaza sauti kuwaeleza wachumba namna ya kuishi. Wanamwita Mwalimu. Huvaa koti la kijivu ambalo nalipiga pasi mimi, na sauti yake siku hiyo hulainika mpaka wanawake wazima wanatafuta vitambaa vya kujifutia machozi.

"Wanaume, wakumbatieni wake zenu," huwaambia. "Mwanamke asiyekumbatiwa hunyauka."

Mimi ndiye niliyenyauka. Nyumbani Mwalimu hulala ameuelekea ukuta, shuka lote amejiviringishia yeye. Nikimgusa bega, anasema, "Mke wangu, tulia. Wanawake wenye heshima hawaombi." Alianza kuniambia hivyo kitanda chetu bado kinanukia vanishi.

Nilikuwa msusi, tena msusi hasa. Wateja walikuwa radhi kusubiri nje juani kuliko kwenda kwa mwingine. Akaniambia nifunge saluni, eti mke wa Mwalimu hawezi kushinda na vichwa vya watu. Nikafunga. Kazi yangu ikawa moja: mwisho wa kila somo ananisimamisha na kuniuliza mbele ya watu, "Mke wangu, kuna kitu unakosa kwangu?" Nami nijibu, "Sikosi kitu, mume wangu." Makofi. Tunakwenda nyumbani, naye anageukia ukuta.

Basi ikafika zamu ya binti wa dada yangu. Kusuka nilimfundisha mimi, na ana saluni yake sasa. Siku ya somo, nikiwa namfunga Mwalimu vifungo vya shati, akanidokeza kwamba mama wa bwana harusi amemwomba amshawishi binti aifunge saluni.

"Atalia kidogo, atazoea," akasema. "Si hata wewe ulizoea?"

Damu ilinichemka. Nilimfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

Ukumbini alisema yote aliyotumwa. Binti alikaa ameinamisha kichwa, anabandua rangi ya kucha. Mchumba wake, fundi wa friji, alitazama viatu vyake. Kisha Mwalimu akaniita mbele, kama kawaida.

"Mke wangu, kuna kitu unakosa kwangu?"

"Kipo."

Akacheka kicheko kikavu. "Mnaona? Mke wangu na utani wake!"

"Sitanii. Kila siku unawaambia wanaume wakumbatie, hujawahi kuwaonyesha. Waonyeshe leo. Nikumbatie."

Kina mama wa nyuma wakapiga vigelegele. "Mkumbatie, Mwalimu! Mkumbatie!"

Nilitaka kumkomesha, sifichi. Lakini alipoweka kipaza sauti kitini na kuanza kunisogelea, moyo ulinidunda kama wa kigori. Kama angenikumbatia, hasira yote ingeniisha palepale. Hata mafuta mazuri nilikuwa nimejipaka shingoni asubuhi ile, mjinga mimi.

Alisimama mbele yangu. Mkono mmoja ukapanda, mwingine ukabaki njiani, haujui uende wapi. Jasho likamtoka. Mwishowe akanipigapiga begani kama mtu anayemgusa ng'ombe ambaye hana nia ya kumnunua. Kisha, bila hata kujijua, akajifuta kiganja kwenye koti.

Vigelegele vikakatika. Ukumbi mzima uliona kile kiganja. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Maskini, mtoto wa watu!" Huruma ilikuwa yangu, lakini uso uliosawijika ulikuwa wa Mwalimu.

Nikachukua kipaza sauti. "Umeona, mwanangu? Hiki ndicho nilichofungia saluni." Nikarudi kukaa.

Binti akamgeukia mchumba wake. "Mimi sifungi saluni."

"Kwani nani alisema ufunge?" fundi akauliza, akimtazama mama yake, na mama yake akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba.

Tangu siku ile hakuna aliyemwalika Mwalimu tena. Koti linaning'inia na makunyanzi yake. Mimi nashinda kwa binti, nasuka. Jana wateja walipopungua akanilaza kwenye beseni anioshe nywele. Povu limenijaa kichwani, simu ikalia.

"Kuna familia inanitaka," alisema Mwalimu. "Lakini wanasema waongee na wewe kwanza. Waambie ulikuwa unatania. Na rudi mapema, mke wangu. Nyumba imepoa. Nakuomba."

Sijawahi kumsikia akiomba. Nikapangusa povu sikioni, nikaisogeza simu.

"Mume wangu," nikamwambia, "tulia. Watu wenye heshima hawaombi."

Nikakata simu, nikamrudishia binti kichwa changu.

"Mama mdogo, nikaze vidole?"

"Kaza, mwanangu. Hapo. Hapo hapo, usiondoe mkono."