Benita Asemewa

Dada Sonia alishuka kwenye pikipiki akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa ametumwa Kasongo na kampuni ya teknolojia ya Goma iliyotengeneza programu ya simu: mfanyakazi anaeleza anachokijua, programu inamtafutia cheo humohumo kazini kwake. Na kwenye duka la taa na mitambo ya jua alikouza Benita, nafasi ilikuwepo, ya mkuu wa tawi jipya la Kabambare. Asipopatikana mtu wa ndani kufikia Ijumaa, angeletwa mgeni kutoka Bukavu.

Kabambare! Huko ndiko aliko binti yake Plamedi, analelewa na bibi. Kila Benita alipokwenda kumwona, asubuhi ya kurudi mtoto alimfichia viatu. Mara ya mwisho vilikutwa ndani ya chungu cha sombe, mboga ya majani ya muhogo. Benita alicheka mbele ya watu, kisha akalia njia nzima.

Simu ikauliza: unajua kufanya nini? Benita akaandika, "Najua kidogo." Wenzake wote wakaandika hivyo hivyo, maana mtu mwenye adabu hajisifu. Hata fundi Salomon, anayefufua betri zilizokwisha kutupwa, aliandika, "Najaribu." Programu ikawajibu wote jibu moja: hakuna nafasi inayokufaa.

"Makine ya bure!" Salomon akafyonya, akiitupia simu jicho.

Sonia akashika kichwa. "Sasa nani atawajua kama hamusemi?"

Hapo Benita akapandwa na hasira, hasira ya mama anayeona mlango ukifungwa. "Dada Sonia, siku ya posa bwana arusi anajisemea? Anakaa kimya, wajomba njo wanasema. Hii simu yako haiwezi kusikiliza wajomba?"

Sonia alimtazama, kisha akatoka nje kupiga simu Goma. Watu wa duka wakajifanya wanapanga taa, masikio yote mlangoni. Alirudi anatabasamu: inawezekana, mwenzako wa kazi akusemee kwa sauti yake.

Weh! Duka likageuka ukumbi wa posa. Bruno, mpeleka mizigo, akajikohoza kama mjomba halisi, akashika simu kwa mikono miwili.

"Barabara ilipokatika, iko huyu Mama Plamedi alifikisha taa Nyangwe kwa mitumbwi. Wamama wa kule walikuwa wanaogopa mitambo. Leo wanaitengeneza wao wenyewe, yeye njo aliwafundisha. Na akikasirika, hata mukubwa anaomba ruhusa ya kupita."

"Hiyo ya mwisho futa!" Benita akapiga kelele.

"Haifutwi!"

Kisha Benita akamsemea Salomon, Salomon akamsemea Bruno, wakasifiana mpaka sauti zikakauka. Wakubwa wa duka wakasikiliza, wakampigia Benita, wakamhoji kwa kirefu. Ijumaa jibu likaingia: mkuu wa tawi la Kabambare ni Benita. Duka zima likaruka kwa vigelegele. Salomon, ambaye naye programu ilimpatia ukuu wa karakana ya duka, aliibusu ile makine ya bure.

Benita akapiga simu kwao Kabambare.

"Mama, unakuja kutembea?" Plamedi akauliza.

"Hapana, mama yangu. Nakuja kukaa. Kazi yangu iko huko sasa."

"Kabisa?"

"Kabisa."



"Basi viatu vyako sitavificha tena."