Msumeno wa Akiba

Mume wangu aliponiambia anataka msumeno wa pili, nilimtazama kama ameniambia anataka mke wa pili. Tulikuwa nao mmoja, msumeno mkubwa wa mnyororo, mzito, wa kelele, na ulikuwa unakata bila tatizo. Yeye anakata kuni, mimi naoka mikate kwenye tanuri lililo nyuma ya nyumba, ndivyo tunavyoishi. Nikamuuliza huo wa pili ni wa nini. Akasema ni wa akiba tu, wa ukubwa wa kati, hata uliotumika si neno, kwani akiba haiozi.

Hiyo methali ndiyo iliyonitia wasiwasi. Mume wangu si mtu wa methali. Mwanamume akianza kukujibu kwa methali, jua kuna jambo analizunguka.

Tena haukuwa msumeno peke yake. Mashati yake yote ya vifungo alikuwa ameyaacha kabatini, amekuwa mtu wa fulana, hata harusini fulana. Viatu vya kamba alivisukuma chini ya kitanda, akanunua vya kuchomeka mguu kama vijana. Simu ikilia aliiangalia mpaka inyamaze yenyewe. Wifi yangu, dada yake wa tumbo moja, alicheka akasema kaka yake anaanza ujana wa pili, nikae macho. Nikakaa macho. Dalili ya mvua ni mawingu, na nyumbani kwangu yalikuwa yametanda.

Nikamwambia kama ni kununua, tunakwenda wote. Sababu nilikuwa nayo. Ule msumeno mkubwa aliununua peke yake na akauziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji aliuwasha kabla yeye hajafika, na mashine ikishapata moto huwaka hata kama ni mgonjwa. Uliguswa kamba kidogo tu ukanguruma, akalipa. Kesho yake, ukiwa baridi, alivuta kamba mpaka mchana, na siku hiyo hatukuoka. Tangu hapo nina sheria yangu: kabla mtu hajavuta kamba, mimi nagusa injini. Ikiwa na joto, tunaondoka zetu. Mume wangu alikubali tuende wote, tena haraka mno, na hilo nalo nikaliweka kiporo.

Tulianzia kwa muuza vitu vilivyotumika anayeitwa Kiapo, kwa sababu hauzi hata msumari bila kuuapia. Alitutolea msumeno kutoka nyuma ya pampu za maji, umepakwa rangi mpya mpaka kwenye skrubu. Mtu anayepaka rangi skrubu hataki uzifungue. Nikamwomba bisibisi, nikazifungua, na ndani nikakuta oili imeganda na unga wa mbao kama uji wa juzi. Kiapo akaapa kwamba hilo ni la kawaida.

Mume wangu hakuangalia ndani. Aliuchukua ule msumeno akanipa mimi. "Hebu shika wewe uone uzito," akasema. Nikashika. Akaniuliza kama kidole changu kinafika kwenye kitufe cha kuongeza kasi, kama bega linavuta, huku akinipima mikono kwa macho kama fundi cherehani. Kisha akasema hapana, ni mzito. Nikamuuliza ni mzito kwa nani, maana yeye hubeba magogo begani. Akasema ni mzito tu, akatangulia kutoka.

Kwa fundi wa pikipiki ikawa vilevile. Injini ilikuwa baridi, msumeno ulikuwa mwepesi, nikapewa tena niushike. Nilikuwa nimeanza kuupenda, ndipo mume wangu akaona kwamba breki ya mnyororo haipo, ile inayousimamisha mnyororo msumeno ukiruka nyuma kumfuata mkataji. Alimgombeza yule fundi mpaka vijana wa karakana wakaacha kazi. Akasema msumeno usio na breki ni wa kuua mtu, haufai kuuzwa hata kwa adui. Kichwani kwangu hesabu zilikuwa zinakwenda. Msumeno wake mwenyewe breki ilikufa zamani, na hajawahi kulalamika hata siku moja.

Basi huu haukuwa wake. Ulikuwa wa mtu mwenye mikono kama yangu, mtu ambaye mume wangu hataki aumie hata kidogo. Kulikuwa na mwanamke mahali fulani mwenye jiko la kuni, na mimi nilikuwa nimechukuliwa ili nimpimie uzito. Iliniuma sana. Ndani ya gari letu la kuni nilikaa nimempa mgongo njia nzima.

Wa mwisho tulielekezwa kwa dereva mmoja wa trekta, mtu wa maneno machache, aliyekuwa anauza msumeno wake kwa sababu nyumbani kwake wamehamia kwenye gesi. Langoni tulikuta tawi kubwa limekatwa na kusogezwa pembeni, unga wa mbao bado mbichi. Alitusalimia akasema tawi lilianguka kwa upepo, ameliondoa ili gari letu lipite. Moyoni nikasema, umejipanga vizuri, kaka.

Msumeno ulikuwa juu ya meza ya mbao uani. Haukupakwa rangi. Breki ilikuwepo, meno yamenolewa sawasawa. Nikapeleka vidole kwenye kifuniko cha bomba la moshi, nikavirudisha mbio. Ulikuwa wa moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Nikafurahi, kusema kweli, kwa sababu hatimaye nilikuwa nimemkamata mtu, na nilitaka shahidi. Nikamwita mume wangu. "Baba watoto, njoo uguse hapa," nikasema. "Mwambie mwenyewe ukoje."

Alikuja kichwa chini, amechoshwa na ukaguzi wangu. Akaweka kiganja chote, bapa, palepale nilipotoa vidole vyangu.

"Baridi," akasema. "Mashine hii imelala tangu jana."

Nikamkodolea macho. La kwanza nililowaza ni kwamba wamepanga, yeye na huyu dereva, na kwamba huyo mwanamke ni wa nyumba hii. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini mkono wake ulikuwa bado juu ya chuma, umetulia, na yeye ananitazama mimi.

"Ndugu, toa mkono," dereva akasema. "Hiyo ni ya moto. Nimetoka kuitumia sasa hivi."

Mume wangu akauinua mkono akautazama kama si wake. Ngozi ya kiganja ilikuwa imebadilika rangi, na pale chini ya vidole lengelenge lilikuwa linainuka. Uso wake haukukunja hata ndita. Mke wa dereva alikuja mbio na beseni la maji, akautumbukiza mkono ule mwenyewe, kisha yeye na mumewe wakatuacha, wakaenda kuokota vipande vya lile tawi.

Nikamuuliza ni tangu lini. Akasema tangu msimu wa mvua uliopita. Msumeno mkubwa unatikisa, na umemtikisa miaka mingi. Kwanza vidole vilikuwa vinakufa ganzi asubuhi na kuwa vyeupe, halafu vinarudi. Sasa havirudi vyote. Vifungo vya shati havihisi vidoleni, kamba za viatu hazihisi, simu anaibonyeza haimsikii.

Vyeupe nilikuwa nimeviona. Asubuhi nyingi amesimama karibu na magunia yangu, vidole vyeupe, nami nikadhani ni unga. Mimi ninayefungua skrubu za watu.

"Na huu msumeno ni wa nani?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Wako," akasema. "Nilitaka nikufundishe taratibu kabla sijashindwa kabisa. Siku hiyo ikifika usianze kumpigia mtu magoti kwa ajili ya kuni."

"Ungeniambia."

"Ungenikataza kukata siku hiyohiyo. Na tanuri?"

Nilitaka kumgombeza. Badala yake nikamwambia kwamba nilidhani ana mwanamke.

"Ninaye," akasema. "Ana maswali mengi."

Nikacheka huku nalia, na sikujali nani anaona. Kisha nikajifuta, kwa sababu sheria ni sheria. Nikamwambia dereva kwamba msumeno haununuliwi ukiwa na moto, tutasubiri upoe. Hakubisha. Alituletea viti, tukakaa sote tukiutazama msumeno ule juu ya meza kama mgonjwa anayesubiriwa aamke. Nilipogusa nikakuta umepoa kweli, nikauweka chini. Mume wangu, mkono wake ndani ya beseni, akanielekeza: mguu wa kulia hapa, mkono wa kushoto pale, vuta bila woga. Nikavuta, ukakohoa. Nikavuta tena, ukaamka. Yule dereva alikuwa mtu mkweli tangu langoni. Ulitikisa kidogo kuliko ule mkubwa ninaousikia kila siku, lakini ulitikisa, na niliuhisi mpaka kwenye kucha.

Tukaununua. Njiani nikamwambia kesho ni hospitali kwanza, mikate baadaye, na kwamba ule mkubwa hataugusa tena. Akasema sawa, bila methali.

Asubuhi alinyoosha mkono uliofungwa bendeji kuchukua fulana. Nikaiondoa. Nikatoa shati lake la mikono mirefu, lile analolipenda, nikamvalisha na kumfunga kifungo kimoja kimoja mpaka shingoni. Nilipomaliza akanishika mkono kwa ule wake mzima. Alinibana kwa nguvu, kwa nguvu mno, kama mtu asiyejua anabana kiasi gani. Iliniuma, nikamwacha abane.